Mafua si madogo kwa mwenye sukari

Katika visiwa vyetu mafua huhesabiwa kuwa ni jambo la kupita. Mtu hujifunika shuka, hunywa chai ya tangawizi, na baada ya siku chache hurejea katika shughuli zake. Kwa walio wengi hivyo ndivyo yalivyo. Lakini kwa mwenye maradhi ya sukari mambo ni mengine, na wahenga wamekwisha kutuonya kwamba mdharau mwiba mguu huota tende.

Yaliyotokea wakati wa korona yatosha kuwa ushahidi. Huko Uingereza, miongoni mwa waliokufa hospitalini kwa ugonjwa huo baina ya Machi na Mei mwaka 2020, takriban mmoja katika kila watatu alikuwa na maradhi ya sukari.

Sababu yake inajulikana. Sukari ikizidi katika damu, chembe zinazopigana na virusi hulegea, na mapafu huwa mepesi kushikwa na nimonia. Homa yenyewe nayo huipandisha sukari, hata kama mgonjwa hajala kitu. Basi kila adui humtilia nguvu mwenzake.

Hapo ndipo lilipo kosa linaloua. Mgonjwa aliyeshindwa kula hudhani kwamba hana haja tena ya insulini, akaiacha. Asiiache. Apime sukari mara kwa mara, anywe maji kwa wingi, na amwone daktari mapema ili ashauriwe juu ya dawa zake zote.

Lakini ushauri huu ni maneno matupu ikiwa hapana cha kupimia. Mgonjwa wa Tumbatu au Kojani hana budi kuvuka bahari kabla ya kuifikia hospitali kubwa, na bahari ikichafuka, saa chache za kungoja zaweza kumgharimu maisha yake. Kwa hiyo tunaisihi Wizara ya Afya ihakikishe kwamba kila kituo cha afya katika visiwa vidogo kina kipimo cha sukari na insulini iliyohifadhiwa penye ubaridi. Wagonjwa hawa wapatiwe pia chanjo ya mafua, kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri. Masheha nao wawahimize wananchi wasingoje mpaka pumzi ikawapaa.

Serikali imebeba dhamana ya afya ya wananchi wote, wa mjini na wa ng'ambo ya maji. Tunatumai kwamba jambo hili litashughulikiwa kabla mafua mengine hayajabisha hodi.