Moyo wa Aliyekufa kwa Dawa za Kulevya: Je, Zawadi Yake Ina Doa?

Tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa mwanamke kijana aliyefariki kwa ajali ya barabarani. Washkansky aliishi siku 18 tu, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, tena katika bara letu la Afrika. Hapa Tanzania, Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, ikafuatiwa na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mwaka 2018, na watoaji ni ndugu walio hai. Upandikizaji wa moyo bado hatujaufikia. Nao una jambo lake la pekee: mtu anazo figo mbili, lakini moyo ni mmoja. Ili mgonjwa apate moyo, ni lazima mwingine awe amekwisha kufa. Basi huzuka swali: amekufaje?

Swali hilo limekuwa zito nchini Marekani, ambako dawa za kulevya zimeua vijana wengi. Watafiti wa huko walionesha mwaka 2018 kwamba, kati ya watu waliotoa viungo baada ya kufa, waliouawa na dawa hizo walikuwa takriban 1% mwaka 2000, na wakafikia takriban 13% mwaka 2017. Wengi waliogopa viungo vyao, na viungo hivyo vilitupwa mara nyingi zaidi. Hata hivyo, utafiti huohuo ulibaini kwamba waliovipokea waliishi sawasawa na waliopokea viungo vya watu waliokufa kwa ajali.

Inawezekanaje? Heroini na dawa za jamii yake, zikizidi kipimo, huzuia pumzi. Ubongo hukosa hewa na kufa, lakini moyo wa kijana, ukisaidiwa na mashine, huweza kubaki imara. Kokeini ni tofauti kidogo, kwa maana huweza kubana mishipa ya moyo na kunenepesha misuli yake. Kwa sababu hiyo madaktari huuchunguza kila moyo kwa kipimo cha eko, na mara nyingine huikagua mishipa yenyewe, kabla ya kuukubali. Hatari nyingine ni maambukizi yaletwayo na sindano, yaani virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Hapo pia vipimo vimeboreka, na homa ya ini aina ya C sasa inatibika kwa vidonge. Kwa kifupi, daktari anaupima moyo uliopo mbele yake. Sifa ya marehemu mtaani haimpi jibu.

Mama Kanisa anafundisha nini? Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2296, inakutaja kutoa viungo baada ya kifo kuwa tendo la heshima na la kustahili tuzo, mradi kuna ridhaa ya wazi ya mtoaji au ya wanaomwakilisha. Mtakatifu Yohane Paulo II, akizungumza na wataalamu wa upandikizaji mjini Roma tarehe 29 Agosti 2000, alikataa kabisa biashara ya viungo, na pia ubaguzi katika kuvigawa. Katekisimu hiyohiyo, namba 2291, inayataja matumizi ya dawa za kulevya kuwa kosa kubwa. Mafundisho haya mawili hayagongani. Kosa linabaki kosa, lakini halifuti utu wa mtu wala thamani ya zawadi yake.

Yapo mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, mpokeaji ana haki ya kuelezwa ukweli wote, ili akubali au akatae kwa dhamiri huru. Pili, isitokee hata siku moja tukazoea vifo vya vijana kwa kuwa vinaleta mioyo. Kijana mraibu ni wa kuokolewa kwanza. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwaka 2011, ushahidi kwamba uraibu ni ugonjwa unaoweza kutibiwa.

Haya yote yanatuhusu nini sisi wa Buhembe, Bukoba na Muleba? Sisi tunajua vizuri kuliko wengi uzito wa swali la “amekufa na nini?” Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Tunakumbuka minong'ono misibani, na yatima waliobebeshwa aibu isiyo yao. Leo minong'ono hiyo inamwandama kijana wa bangi, wa pombe kali au wa sindano, naye akifa, wazazi wake wanazika wakiwa wameinamisha vichwa. Kama moyo wa kijana wa namna hiyo unaweza kumpa mwingine uhai, sisi ni nani hata tuseme maisha yake hayakuwa na kitu?

Basi, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tuzungumze mapema kuhusu kutoa damu, kutoa figo kwa ndugu, na yale tunayoyataka baada ya kifo, maana ridhaa haitafutwi vizuri katikati ya kilio. Na katika nyumba yenye kijana aliyenaswa, twende kabla ya msiba, si baada yake.