Kona ya Mwalimu: Tulipopitia Gishora

Mwezi uliopita tulikuwa Gihosha, pale Bujumbura, na wanafunzi 12, kuwatembelea watoto wakimbizi wenzetu wanaoishi mjini. Kwa kurudi tulikubaliana na dereva kwamba tukifika Gitega atupeleke kwanza Gishora, kilomita 7 hivi kaskazini ya mji, tuone mahali pa kale pa ngoma za Mwami.

Toka Gihosha ni mlima tu hadi Bugarama. Watatu walitapika. Pale baridi kali, na wauza mboga wamejaa dirishani. Tukanunua karoti, zikaliwa mbichi na udongo wake.

Watoto walitegemea kuona mawe. Darasani tuna kitabu chenye picha ya magofu ya Wamaya kule Guatemala, ngazi za mawe mpaka juu, basi wakadhani mahali pa kale lazima pawe hivyo. Gishora kuna uzio, nyumba ya mviringo ya nyasi, na ngoma. "Mwalimu, si hii ni kama nyumba yetu tu?" Wenzake wakacheka.

Mahali hapo palianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo, karne ya 19, baada ya kumshinda chifu Ntibirangwa aliyemwasi. Ngoma mbili kubwa za heshima zina majina kama watu: Ruciteme na Murimirwa. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, tena ni utawala. Ufalme ulifutwa mwaka 1966, lakini baba bado anamfundisha mwanawe kupiga, na mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wapigaji waliingia na ngoma kichwani. Ile ya katikati, inkiranya, ndiyo inaongoza. Kifua chote kinatetemeka!

Msichana wetu mmoja aliomba kujaribu. Akaambiwa hapana, amri ya rais ya mwaka 2017 iliwakataza wanawake kupiga. Alinuna mpaka Ruyigi, na sisi hatukumlaumu.

Kabla ya safari mzazi mmoja alituuliza: wafalme wa Burundi watamsaidia nini mtoto wa Uvira? Tulikosa jibu. Sasa ndani ya basi, kijana mmoja aliyezaliwa hapa hapa kambini akasema: "Na kwetu Lemera si kuna mwami wa Wafuliru? Ngoma zake ziko wapi? Nani anazipiga?" Sisi walimu tulitazamana. Mmoja wetu alitoka huko akiwa na miaka minne, hakumbuki kitu.

Kwa hiyo wazee wenye kujua, wa Lemera na wa kwingine, tunawaomba mje darasani Jumamosi saa tatu asubuhi. Watoto wameshaandika maswali yao. Na ile sweta ya bluu iliyosahauliwa kwenye basi tunayo shuleni, mwenyewe aje aichukue.