Unga wa Seli Shina Hauoteshi Nywele

Kuanzia Kahama hadi Katoro, mji wenye hela ya dhahabu haukosi mwuza dawa mwenye spika. Kwenye mizizi na magome sasa imeongezeka pakiti ya unga inayonadiwa kwa jina la seli shina, na mwenye kipara ndiye anayeitwa wa kwanza. Maneno ya muuzaji yana ukweli kidogo ndani yake, ndiyo maana yananunulika.

Anasema kipara hutokea seli shina za nywele zinapokufa. Kwa wanaume wengi si hivyo. Seli hizo hukaa kwenye ukuta wa kifuko cha unywele, mahali palipobainishwa mwaka 1990 na George Cotsarelis na wenzake. Mwaka 2011 kundi lake katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania lililinganisha ngozi ya kipara na ngozi yenye nywele za mwanamume yuleyule, likakuta seli shina zipo palepale. Zilizopungua ni seli zinazotokana na hizo seli shina, zile zenye kazi ya kuotesha. Hata unga ungekuwa na uwezo wa kuongeza seli shina, ungeongeza kisichopungua.

Anasema zimetoka kwenye tufaha la Uswisi. Tufaha lipo, Uttwiler Spätlauber, na maji yaliyokamuliwa kutoka seli zake yaliingia kwenye vipodozi mwaka 2008. Ila seli ya tunda haigeuki seli ya mtu, na ukiinywa tumbo litaimeng'enya kama ugali.

Anasema Wazungu wameshamaliza kazi. Hawajamaliza. Minoksidili ya kupaka iliidhinishwa Marekani mwaka 1988, finasteridi ya wanaume 1997, barisitinibu ya upara wa mabaka 2022, na hakuna hata moja iliyo seli shina.

Kisha anapigilia msumari: mbona Dodoma wanatibu kwa seli shina? Kweli, wanatibu. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, ugonjwa ambao Kanda ya Ziwa inaujua vizuri. Seli shina za uloto hutengeneza damu, si nywele. Hutolewa kwa ndugu ambaye vipimo vimeonyesha anaendana na mgonjwa, huingizwa kwenye mshipa, na mtoto hulazwa wiki kadhaa akilindwa dhidi ya maambukizi. Kabla ya kupandikizwa hupewa dawa kali za kuondoa uloto wa zamani, na dawa hizo hunyonyoa nywele. Yaani tiba halisi ya seli shina hapa nchini humwacha mgonjwa na kipara kwa muda. Hilo spika hailitangazi.

Wachimbaji wana lao: nywele zinaondoka kwa zebaki, na unga unaitoa mwilini. Zebaki ni hatari, hilo halina ubishi. Mvuke wake inapochomwa kwenye karai huumiza ubongo na figo. Lakini kipara cha kawaida hurithiwa na huchochewa na homoni, hata kwa asiyewahi kufika machimboni. Watafiti waliofika Rwamagasa, Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 walichukua nywele za watu kwa sababu zebaki iliyoingia mwilini huonekana humo, siyo kwa sababu zilikuwa zinanyonyoka. Anayeogopa zebaki atumie ritoti, chombo cha kunasa mvuke huo.

Wanaoniudhi zaidi ni wanaowauzia akina mama. Nywele za juu ya paji na pembeni ya masikio huondoka kwa kusukwa kwa kubana na rasta nzito. Mwanzoni ukiacha kubana huota tena. Ukiendelea, kovu huchukua nafasi ya kifuko, na hapo seli shina hufa kweli. Mwambie mtu akutazame juani: ngozi yenye vitundu vidogo bado ina tumaini, iliyo laini, inayong'aa bila kitundu, vifuko vyake vingi vimekwisha. Upo pia upara unaoanzia utosini, ambao utafiti wa mwaka 2019 ulioshirikisha Profesa Ncoza Dlova wa Durban uliuhusisha na jeni ya PADI3 kwa baadhi ya wanawake. Huo unataka dawa mapema. Miezi ya kunywa unga ni miezi ya kovu kutanuka.

Mwulize muuzaji namba ya usajili: hapa Tanzania dawa ziko chini ya mamlaka ya dawa, TMDA, na vyakula na vipodozi tangu 2019 viko kwa shirika la viwango, TBS. Akibabaika, funga pochi, na hela hiyo iwe nauli ya kwenda kwa daktari wa ngozi.