Wito haununui muhogo

Vijana wenzetu wa Lusangi, Kasongo na Kabambare, nani anamgeuza mgonjwa kitandani, anamuosha, anamwanga mavi yake saa nane ya usiku? Ni wale mama tunaowaita fii de sale. Wengi hawamo kwenye listi ya mshahara ya Serikali. Wanagawana kile mgonjwa amelipa. Akikosa, nao wanalala njaa. OMS ilitangaza mpox hatari ya dunia tarehe 14/8/2024. Ugonjwa wa kugusana! Sasa anayegusa kila mgonjwa akose hata ganti?

Mimi nina diploma, niko shomeri. Yeye anatumika kila siku, na mfuko wake ni kama wangu. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inaahidi mshahara wa kutosha mtu na jamaa yake. Bwana Waziri wa Afya, listi mpya inatoka lini?