Kitamtam hakingoji friji

Kila wageni wakikaribia, iwe harusi, iwe Ramadhani, swali tunaloletewa ni lile lile: nitengeneze kitu gani kitamu baada ya chakula, na mimi sina oveni, sina friji, na kastadi ya kopo haishikiki bei? Sisi tuliotoka visiwani tukaja kushona na kufanya biashara huku Nduguti, tunaona swali lenyewe limekaa upande. Kitamtam hakianzi dukani. Kinaanza kwenye makaa yaliyobaki baada ya ugali kuepuliwa.

Kwa wasiopajua, Nduguti ndiyo makao makuu ya wilaya ya Mkalama, mkoa wa Singida, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Ni nchi kavu, mvua yake ni ya msimu mmoja tu, takriban Novemba mpaka Aprili. Usitegemee mnazi. Lakini kuna mibuyu mikubwa kama nyumba, kuna asali, kuna karanga, na ndizi mbivu zinaletwa sokoni kutoka mikoa mingine. Ndugu zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilaya hii hii upande wa Munguli, wamekula ubuyu na asali tangu enzi za mababu, na hakuna aliyewauzia kopo.

Chekesho ni kwamba sisi Wazanzibari tunajisifia ubuyu wetu, ule mwekundu wa iliki na pilipili manga, tunaumumunya barazani mpaka midomo inabadilika rangi, na wengi wetu mbuyu wenyewe tunaujua kwa hadithi za mashetani tu. Huku ubuyu ni chakula. Haupakwi rangi.

Basi chukua ndizi mbivu sita, za mzuzu au mkono wa tembo, ambazo ganda limeshaanza madoa meusi. Zikiwa za njano safi, subiri siku mbili, hazijafika. Usizimenye. Zipasue kwa kisu kwa urefu upande mmoja tu, ganda libaki kama mfuko. Ugali ukishaepuliwa, toa kuni zinazowaka uzizime, tandaza makaa kati ya mafiga, zilaze ndizi juu yake, mpasuo uangalie juu. Dakika kumi hivi, ukiziegeza huku na huku. Ganda litakuwa jeusi tititi na utomvu wake mtamu utachemka kwenye mpasuo. Hapo zimeiva. Usiogope weusi, ndani ni laini kama mkate wa mofa uliotoka sasa hivi.

Wakati ndizi ziko motoni, loweka nusu kikombe cha unga wa ubuyu kwenye kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu. Tukisema unga wa ubuyu tuna maana ule mweupe unaotoka mbegu zikitwangwa kidogo kidogo kwenye kinu na kuchekechwa. Ukitwanga kwa nguvu utavunja mbegu na uchungu utaingia. Koroga mpaka upate rojo jeupe, zito, mfano wa tui. Tia iliki na vijiko vitatu vya asali. Rojo hili usilichemshe hata kidogo, maana vitamini C iliyomo kwenye ubuyu hupungua kwa moto. Limwage juu ya ndizi wakati wa kuandaa, nyunyiza karanga za kukaanga zilizopondwa, basi. Ukali wa ubuyu unakata utamu wa ndizi, ndiyo maana mtu hakinai. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, asali si ya umri wake.

Embe lililoiva nusu nalo linakubali makaa. Papai hapana, linakuwa maji.

Sasa tuje kwenye linalotuuma. Kwenye vyerehani tunasikia mengi, maana mteja anayepimwa nguo anasimulia. Wako wanawake wanaokopa fedha ya kikundi ili wanunue soda, kastadi na matunda ya kopo, wageni wasije wakasema. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika nchini na bei ikaruka, tuliwaona wengine wanaipanga foleni si kwa ajili ya chai ya watoto bali kwa ajili ya sinia la wageni. Dini yetu imetukataza israfu, na tunaikumbuka israfu ya mwanamume anayevuta sigara tu. Ya kwetu ya kwenye sinia tunaiita ukarimu. Mgeni aliyekupenda atakula ndizi ya makaa na atauliza umeifanyaje. Asiyekupenda hata umpe keki ya ghorofa tatu atatafuta kasoro kwenye sukari.

Wapo watakaosema tunawarudisha wanawake kwenye moshi. Hoja hiyo ina uzito na hatuipuuzi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wafikiwe ifikapo 2034, na sisi tunaungana nao kwa mikono miwili, macho yetu yameshalizwa vya kutosha na kuni mbichi. Ndiyo maana tumesema makaa yaliyobaki. Usiwashe moto kwa ajili ya ndizi. Fundi mzuri hakati doti jipya kwa sababu ya kipande cha mfuko, anatafuta kwenye masalio ya kitambaa. Na mwenye jiko la gesi achome ndizi zake kwenye kikaango kizito kilichofunikwa, moto mdogo, zinaiva vizuri tu, ila ile harufu ya makaa ataikosa.

Ukiupata unga wa ubuyu mwingi, uweke kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na ukungu wa pwani, maana visiwani unashika unyevu upesi na kuganda mabonge. Maganda ya ndizi wape mbuzi, wakishapoa.