Sumu ya panya ifike kabla ya mvua

Kwetu Iramba, Singida, panya hasubiri mahindi yazae. Unapanda leo kwa kamba, ukirudi keshokutwa unakuta vishimo vimefuata mstari wako, shimo kwa shimo, kana kwamba mfukuaji alikuwepo ukipanda. Desemba moja nilirudia kupanda mara tatu. Sumu ya msaada ilifika kijijini Machi, mahindi yaliyosalimika yakiwa kifuani. Tuliipokea, tukasaini.

Nilikuwa bwana shamba hadi nilipostaafu, na kuchelewa huko bado kunanikera. Shangazi yangu, ambaye hakuona darasa, alikuwa akitazama nyasi. Zikichipua tu, husema: "Mwanangu, sasa wanashika mimba." Nilimcheka. Baadaye nikakutana na kazi ya Herwig Leirs wa Ubelgiji na wenzake, ya mwaka 1996: Morogoro, mvua za vuli zikiwa nyingi, panya shamba huwahi kuzaa, na mwaka huo mlipuko unanukia. Sisi Singida tuna msimu mmoja, lakini panya ni yule yule na nyasi ni zile zile.

Panya wengi wa porini Ulaya huzaa kwa kufuata urefu wa mchana. Hapa mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hupishana kama nusu saa. Mnyama ataujuaje msimu kwa nusu saa? Anaujua kwa majani machanga na mbegu za nyasi. Jike hubeba mimba siku 23 hivi, na kuzaa zaidi ya kumi kwa mkupuo si ajabu. Watoto wa masika hunenepea mtama na uwele wetu, kiangazi kinawapukutisha, na wanaobaki ndio hao wanaotufuata nyuma tukifukia mbegu.

Kabla ya mvua ni wachache, wenye njaa, bado hawajashika mimba: hapo ndipo pa kuweka chambo, kijiji kizima, juma moja. Ukiweka peke yako, wa jirani wanahamia kwako.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hututangazia utabiri wa msimu kabla tone halijaanguka. Halmashauri ikiupokea, ipige hesabu ya sumu pamoja na ya mbegu na mbolea. Morogoro wamemfundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na tunajivunia. Huyu mdogo tumemwachia shamba.

Mimi mwaka huu nanunua chambo Oktoba, kwa hela ya alizeti. Majirani wawili wamekubali kuchanga. Wa tatu anasema anasubiri ya serikali.