LALAMIKO SI TAARIFA

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa mfumo wake wa Windows 10. Tangu siku hiyo kompyuta mpakato nyingi, yaani hizi tuziitazo laptopu, zimekosa pa kwenda. Bado zina nguvu za kuandikia barua, kutunzia hesabu na kufundishia watoto, lakini mfumo mpya wa Windows 11 hauzikubali kwa kuwa vipuri vyake ni vya zamani. Wako wafanyakazi na wakuu wa ofisi ambao, badala ya kuzitupa, wameziwekea Linux, mfumo ambao msimbo wake u wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Sisi twaona kwamba wamefanya jambo la busara, na twawapongeza.

Hata hivyo, kuna neno moja ambalo hatuna budi kulisema. Kila siku twasikia manung'uniko. Huyu asema kwamba akiufunga mfuniko wa laptopu yake na kuufungua tena, kioo hubaki cheusi. Huyu asema kwamba Wi-Fi ilikuwapo jana, na leo baada ya kusasisha mfumo imetoweka. Yule asema kwamba betri yaisha ilhali mashine imelala. Ukimwuliza kila mmoja wao amemwarifu nani, jibu ni hilo hilo: hakumwarifu mtu. Amewaambia jirani zake kwamba Linux haifai, kisha akairudisha mashine kabatini.

Sisi twasema kwamba lalamiko si taarifa. Lalamiko humpunguzia msemaji hasira zake. Taarifa humpa fundi pa kuanzia kazi. Na katika Linux, kuliko katika mfumo mwingine wowote, asiyetoa taarifa hujinyima haki yake mwenyewe na kuwanyima wenzake pia.

Yafaa tueleze kwa nini mambo ni hivyo. Linux ilianzishwa na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, ambaye aliwatangazia watu kazi yake tarehe 25 Agosti 1991. Leo inatengenezwa na maelfu ya watu duniani kote. Wengine wameajiriwa na makampuni, na wengine hujitolea saa zao za jioni. Mabingwa hao wana ujuzi mwingi, lakini hakuna hata mmoja wao mwenye laptopu zote za dunia mezani pake. Viwanda hutoa aina mpya kila mwaka. Mara nyingine laptopu mbili zenye jina moja huwa na kipuri cha Wi-Fi tofauti ndani yake, na si kila kiwanda kinachoeleza siri za vipuri vyake. Basi kasoro ikitokea katika mashine yako, yawezekana kabisa kwamba wewe ndiwe shahidi wa pekee. Shahidi akinyamaza, kesi haina wa kuiamua.

Tutazame mfano mmoja ulio wazi. Tarehe 19 Oktoba 2017 lilitolewa toleo la 17.10 la Ubuntu, mfumo wa Linux ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ambao jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Mwezi uliofuata baadhi ya wenye laptopu za Lenovo waligundua jambo la hatari. Baada ya kuweka toleo hilo, BIOS, ile programu ndogo iliyomo ndani ya mashine na ambayo huiamsha kabla ya mfumo wenyewe, ilikataa kuhifadhi mabadiliko. Wengine hawakuweza tena kuwasha mashine kwa kutumia flashi ya USB. Kuufuta mfumo na kuweka mwingine hakukusaidia, maana dhara lilikwisha kuingia katika kipuri chenyewe.

Watu hao wangaliweza kulalamika na kwenda zao. Badala yake walitoa taarifa. Mmoja alitaja aina kamili ya laptopu yake, wa pili akataja yake, na wa tatu vilevile, hata orodha ikawa ndefu na zikaonekana ndani yake mashine za Acer na Toshiba pia. Kutokana na orodha hiyo mafundi waliona kwamba kasoro haikuwa ya kiwanda kimoja. Chanzo kilikuwa draiva moja ya vipuri vya Intel, iliyokuwa imewashwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Mwezi Desemba 2017 toleo hilo liliondolewa mahali pa kupakuliwa, draiva ikazimwa, na tarehe 12 Januari 2018 likatolewa lililorekebishwa. Baadaye kerneli mpya iliweza kuzifungua tena mashine nyingi zilizokuwa zimekwama. Lau kila mmoja angalinung'unika peke yake nyumbani, ni laptopu ngapi zaidi zingaliharibika? Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Sasa twapenda kueleza namna ya kuitazama kasoro kabla ya kuitolea taarifa, kwa maana taarifa njema huanza na macho mazuri. Jambo la kwanza ni kujua kama kasoro yaweza kurudiwa. Ifunge laptopu mara tano na uifungue mara tano. Andika imeamka mara ngapi. Jambo la pili ni kuuliza ni kitu gani kilichobadilika. Ikiwa jana ilifanya kazi na leo haifanyi, na kati ya jana na leo ulisasisha mfumo, basi umekwisha kupata nusu ya jibu. Mifumo mingi ya Linux huhifadhi kerneli ya zamani na kuruhusu ichaguliwe wakati wa kuwasha mashine. Iwashe kwa hiyo ya zamani. Kama kasoro imetoweka, kosa li katika kerneli mpya wala si katika kipuri chako. Jambo la tatu ni kuijaribu mashine kwa mfumo unaowashwa kutoka katika flashi bila kugusa diski. Kasoro ikionekana huko pia, si mipangilio yako iliyoharibika. Na katika yote hayo, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Abadilishaye vitu vitatu kwa pamoja hatajua ni kipi kilichoponya na ni kipi kilichoharibu.

Wako watakaosema kwamba kazi hiyo ni ya mabingwa. Sivyo. Toleo moja la kerneli, ambalo hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, aghalabu huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000. Lakini ipo njia ya kuyagawa nusu kwa nusu: hujaribiwa toleo lililo katikati, na likiwa zima, kosa li katika nusu ya pili, likiwa bovu, kosa li katika nusu ya kwanza. Kwa njia hiyo badiliko moja lenye kosa miongoni mwa 10,000 hupatikana kwa majaribio yasiyozidi 14. Mara nyingi mtu anayeongoza kazi hiyo ni bingwa aliye mbali, na anayeijaribu mashine ni mwenyewe, mtu wa kawaida anayefuata maagizo kwa subira. Subira hiyo ndiyo inayotakiwa.

Katika kuandika taarifa, yataje mambo manne. Taja mashine: jina la kiwanda na aina kamili, kama ilivyoandikwa chini yake. Taja mfumo: jina lake, toleo lake, na toleo la kerneli ambalo amri ya uname -r italionyesha. Taja ulichofanya, ulichotazamia na kilichotokea, kwa mpangilio, ili mwingine aweze kufuata hatua zako. Mwisho, ambatisha ushahidi wa mashine yenyewe: lspci huorodhesha vipuri vingi vya ndani, na journalctl -b -1 huonyesha kumbukumbu za safari iliyotangulia, ambazo ndizo zitakiwazo mashine ikiwa iliganda ikazimwa kwa nguvu. Katika Ubuntu, amri ya ubuntu-bug hukusanya mengi ya hayo kwa mara moja. Lakini soma kwanza unachokituma, maana kumbukumbu hizo zaweza kuwa na jina lako, jina la mtandao wa ofisi au namba ya mashine, nazo zitasomwa na watu wote. Na kama kasoro yenyewe ni mlango ambao mwizi aweza kupitia, usiitangaze hadharani. Wapelekee kwa siri wale walioteuliwa kushughulikia usalama wa mfumo huo.

Tena, pima, usikadirie. Mwezi Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika mashine zake za majaribio kwa njia ya SSH kulichelewa kwa muda wa kama nusu sekunde. Wengi tungalipuuza nusu sekunde. Yeye aliipima, akaifuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akaiarifu dunia kwamba ndani ya programu ya xz, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, mtu alikuwa ameficha mlango wa siri. Mlango huo ukazibwa kabla haujaenea katika matoleo ya kawaida ya mifumo mikubwa ya Linux. Kusema kwamba mashine ni nzito ni maneno tu. Kusema kwamba jana iliwaka kwa sekunde 20 na leo yatumia 90 ni ushahidi.

Wengine hutoa taarifa nzuri kisha wakaitelekeza. Hilo nalo ni kosa. Kwanza tafuta kama yuko aliyekutangulia kuitolea taarifa kasoro hiyo hiyo. Kama yuko, ongeza ushahidi wako hapo, usifungue jalada jipya. Kisha peleka habari kwa wale waliokupa mfumo huo, na fundi akiuliza, mjibu. Katika ofisi ya taarifa za Ubuntu, taarifa iliyoandikwa kwamba haijakamilika hufungwa baada ya siku 60 ikiwa hakuna aliyesema neno. Wala usichelewe. Torvalds na wenzake wana kanuni ya kwamba badiliko lililovunja kitu kilichokuwa kikifanya kazi lazima lirekebishwe au liondolewe. Kanuni hiyo humlinda mwenye laptopu kuukuu sawasawa na mwenye mpya. Lakini ikipita miaka miwili, kazi nyingine nyingi zitakuwa zimejengwa juu ya kosa hilo, na kulibomoa ni shida. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tunajua kikwazo kingine: taarifa hizi huandikwa kwa Kiingereza, na wengi huona haya. Twawaambia ndugu zetu kwamba fundi hatafuti ufasaha. Atafuta namba, majina na hatua. Katika kila mahali pa kazi, wanaotumia Linux na wakutane mara moja kwa mwezi, waweke daftari moja la kasoro, na mmoja wao aandike kwa niaba ya wote. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Waliofanya hivyo hawakungoja waletewe. Kiswahili kiliingia humo kwa sababu watu walikaa chini wakafanya kazi.

Wala hatutakuwa waadilifu tukiwakosoa watumiaji peke yao. Wako mafundi wamjibuo mgeni kwa dharau, wakamwambia akasome kitabu, au wakaifunga taarifa yake bila kuisoma. Mtu aliyefedheheshwa mara moja hatarudi mara ya pili, na kasoro atakayoiona kesho ataikalia kimya. Fundi anayemfukuza shahidi asishangae kesi zikimshinda. Tunafahamu kwamba taarifa ni nyingi na mikono ni michache. Lakini neno la kumwelekeza mtu halichukui muda mrefu kuliko neno la kumvunja moyo.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu: kabla ya kuirudisha laptopu kabatini, chukueni karatasi. Andikeni aina ya mashine, toleo la mfumo, kilichotokea na saa kilipotokea. Kisha kipelekeni kwa wanaoweza kukitengeneza. Yawezekana kwamba shule moja mbali sana ina laptopu kama yako, yenye kasoro kama yako, na mwalimu wake hajui aanzie wapi. Siku marekebisho yatakapotoka, mashine yake itaamka pamoja na yako, naye hatajua jina lako. Mfumo ambao hauuzwi hulipwa kwa namna hii, na malipo hayo kila mmoja wetu anayaweza.